Msamaha wa Mlangoni

Enzi zile za ruksa kila kitu kiliingia Arusha: mitumba, redio za kaseti, magari ya Japani, na vile vidonge vyeupe walivyoviita mandraksi. Magari yalimfaa Aminiel, maana alikuwa na kibanda cha spea Daraja Mbili. Vidonge vilimpata mdogo wake, Ndesanjo.

Alirudi navyo kutoka Mererani, alikokwenda kuchimba tanzanaiti akaambulia kikohozi. Yeye na wenzake walivisaga, wakavichanganya na bangi, wakavuta, na mtu mzima akalala chali pale pale alipokuwa, udenda unamtoka, anacheka na mawingu. Aminiel akampa chumba cha uani. Wametoka tumbo moja, angefanyaje?

Sasa hawa walikuwa Wamachame. Baba yao alikuja zamani kufanya kazi kwenye mashamba ya Usa River, akanunua kishamba kule juu Nkoaranga, na kabla hajapanda hata mgomba mmoja alipanda mpakani masale aliyoyabeba kutoka kwao. Isale si ua la urembo. Ukimkosea mtu, unachuma jani lake, unalifunga fundo, unampelekea kwa mikono miwili. Akishaletewa, hana ujanja. Atalipokea, na akilipokea amekusamehe, hata kama ulimchomea nyumba. Akikataa, balaa litakalofuata ni lake. Aminiel naye, alipojenga Daraja Mbili, alichukua kipande kwa mama yake akakipanda kwenye kona ya uzio.

Ndesanjo alianza kwa kuuza pasi ya nyumba. Siku ya pili akaja na jani, Aminiel akapokea. Haikupita miezi miwili akauza vitenge vya shemeji yake, Evelyn, pamoja na kile alichovaa siku ya kuposwa. Asubuhi, jani. Evelyn alisimama mlangoni akiwa na mwiko mkononi.

“Baba Agnela,” akasema, “huyu mdogo wako anachuma msamaha uani kwetu kama mchicha. Hata jasho halimtoki.”

Aminiel alicheka, na jani akalipokea. Kicheko kile kilikuja kumtafuna baadaye.

Maana Jumapili moja, wametoka kanisani, Agnela, binti yao wa miaka minne, aliingia chumba cha uani akaona nusu kidonge juu ya godoro. Alidhani ni peremende. Walipomkuta alikuwa amelegea kama nguo mbichi, anapumua, anasahau, anapumua tena. Siku mbili Aminiel alikaa hospitalini akihesabu pumzi za mtoto, na kila moja ilipochelewa alijiambia kwamba mwenye kosa si yule aliyekiacha kidonge, ni yule aliyefungua mlango.

Mtoto alipona. Waliporudi nyumbani Ndesanjo alikwisha kukimbia. Evelyn hakulia wala hakugomba. Alichukua jembe, akaling’oa lile isale na mizizi yake, akalitupa jalalani.

Zikapita siku tisa. Jumamosi mchana Ndesanjo akasimama getini, miguu imejaa vumbi hadi magotini, midomo imepasuka, jani mikononi, limefungwa fundo.

“Kaka, nimekosa. Sina neno lingine.”

Aminiel alilitazama lile jani akafikiri: amelichuma kwenye uzio wa jirani, huyu, au amelifukua jalalani. Nyuma yake alimsikia Agnela akimwimbia mdoli wake wa matambara. Akanyoosha mikono, akapokea.

“Nimekusamehe,” akasema. “Lakini humu huingii.”

“Msamaha gani huo, kaka, wa mlangoni?”

“Ndio huo nilio nao.”

Akasukuma komeo. Kusema kweli alijiona mjanja siku ile. Mila hakuivunja, na nyumba yake ameilinda. Wiki nzima alilala vizuri.

Jumamosi iliyofuata alipanda Nkoaranga kumsalimia mama yao. Alimkuta anamenya ndizi barazani, na kabla hata shikamoo haijaitikiwa vizuri, mama akaanza habari za Ndesanjo. Alikuja kwa miguu, akasema, kutoka mjini mpaka huku juu. Vidonge alivitupa mtoni njiani. Siku tatu alitetemeka kwenye kile kitanda, uji haukai tumboni, usiku anapiga kelele hadi majirani wanauliza. Siku ya nne akasema anataka kwenda kwa kaka yake. Akipokelewa, kaka atampeleka kwa daktari, kisha atarudi huku kuchunga ng’ombe.

“Mikono ilikuwa inamcheza, hata fundo hawezi kufunga,” mama akasema. “Jani nimelichuma mimi, fundo nimefunga mimi. Nikamwambia nenda, kaka yako hawezi kukukataa. Ulipokea?”

“Nilipokea, mama.”

“Nilijua tu.”

Akaingia ndani, akatoka na vifurushi viwili vya ndizi mbivu. Hiki chako na watoto, akasema, hiki cha mdogo wako, mwambie ale asikupe tabu. Aminiel akavipokea. Alishuka kile kinjia chenye utelezi, kifurushi mkono huu na kifurushi mkono huu, na kile cha mdogo wake ndicho kilichokuwa kizito.

Alimkuta Ndesanjo kule mjini, chini ya daraja, amelala kando ya maji na wenzake watatu. Akamwamsha, akammenyea ndizi moja moja, akamlisha. Ndesanjo alitafuna taratibu, macho yako mbali. Aminiel akapitisha mkono kwapani mwake ili amwinue, akashangaa mtu alivyokuwa mwepesi. Ndipo akakiona kikaratasi kilichosokotwa cha vidonge, kinachungulia kwenye mfuko wa shati.

“Ukivitupa hivyo, twende nyumbani sasa hivi,” akasema. “Evelyn nitaongea naye mwenyewe.”

Ndesanjo alicheka kidogo, bila ubaya wowote.

“Si nilivitupa, kaka. Wiki ile nilipokuja kwako.”

Aminiel alikaa pale hadi ndizi ya mwisho. Alimwaza Agnela, pumzi zile zilizokuwa zinachelewa. Kisha akautoa mkono kwapani mwa mdogo wake, akamlaza polepole, akaondoka.

Jumamosi nyingine mama aliuliza kama Ndesanjo alikula zile ndizi.

“Alikula, mama. Alimaliza zote.”

Ilikuwa kweli tupu. Mama akamshukuru Mungu, akachukua panga, akaingia mgombani kumchagulia mkungu mwingine.