Pedi Iliyompa Mkwe Mgongo

Usiku wa kuamkia leo niliota ndoo yetu ya bluu imekaa kwenye kiti cha baba mkwe, imekunja nne, inasubiri niiamkie.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, mkwe," ikaitika ndoo. "Leo nimechoka. Nimebeba maji, nimebeba pumba za nguruwe, sijalalamika. Lakini maneno yenu yananitoboa."

Hapo sikushangaa sana, maana ndoo ile tunaongea nayo kila siku. Huku kwetu Rungwe bado wapo wanaoshika mwiko wa zamani: mke wa kijana hakai uso kwa uso na baba wa mumewe, hamtazami, wala hamwambii neno moja kwa moja. Baba mkwe wangu, mzee Ambakisye, ni mmoja wao. Akitaka kitu huiambia ndoo. "Ndoo, mwambie aliye jikoni chai imepoa." Nami hujifunika kanga na kuijibu ndoo, "Mwambie baba nyingine inakuja." Mume wangu Gwamaka yuko Chunya machimboni, hivyo tumebaki sisi na mama mkwe, ambaye kazi yake ni kushika mbavu. "Mtaiua ndoo yangu, nyie watu!"

Jana ndoo ilifanya kazi kwelikweli. Baba alikuwa uani anabadilisha mwenyewe breki pedi za pikapu, zile zinazobana diski ili gari lisimame, kwa sababu leo asubuhi alitaka kumpeleka mama kwa dada yake, Kyela, na ndizi nyuma. Kutoka kwetu mpaka kule ni mteremko mtupu. Mama alimshauri aite fundi. Baba akasema fundi ni wa watu wasio na mikono.

"Ndoo, mwambie alete jiwe la kuzuia tairi la nyuma."

Nikaleta jiwe. Nikaleta na kitambaa. Macho chini, kanga usoni, nikarudi jikoni mbio.

Basi ndotoni ndoo ikashuka kwenye kiti. "Twende. Umeitwa ndani ya tairi la mbele."

"Na nani?"

"Na kelele."

"Nina maharage jikoni."

"Yameshaiva. Yameondoka."

Nikageuka, nikaona maharage yanatoka jikoni kwa mstari, moja moja, yamebeba chumvi yao. Nikaifuata ndoo.

Tairi la mbele lina mlango, na mlangoni limekaa jiwe langu la jana, limekunja uso kama mlinzi wa benki.

"Hapiti mtu," linasema. "Nimeambiwa nizuie."

"Uliambiwa uzuie tairi la nyuma."

"Ndoo iliniambia nizuie. Haikuniambia mpaka lini."

Najifunika kanga. "Ndoo, liambie jiwe lisogee."

Ndoo inatazama pembeni. Inapiga mluzi.

Sina njia. "Jiwe, sogea," nasema, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani asiyemjua.

Jiwe linasogea upana wa kidole. "Umesema kidogo, nimesogea kidogo."

Napita kwa ubavu, tumbo ndani.

Humo ndani ni sebuleni kwetu, na vile vitambaa vya mama kwenye viti, ila panatoka harufu ya chuma. Katikati imesimama diski ya breki, duara, inang'aa kama sinia la harusi. Huku na huku zimekaa pedi mbili mpya. Ya upande wa nje imeielekea diski, mikono tayari, kama mtu anayetaka kukamata kuku. Ya upande wa ndani imeipa diski mgongo, na kichwani imejifunika kanga. Ni kanga yangu, ile ya maua ya njano.

"Shikamoo, diski."

"Marahaba. Hebu nione hapa, mwanangu." Ubavu wa diski una michirizi mirefu, kama imeparurwa na chui.

"Nani kakufanya hivyo?"

"Huyo hapo. Kwa mgongo wake."

Nikaiendea pedi. "Dada, geuka."

"Nitageukaje?" ikanong'ona. "Yule ni baba mkwe wangu."

"Nani kasema?"

"Nimeingizwa humu jana tu. Kufumbua macho, yeye huyu hapa mbele yangu. Ulitaka nimkodolee? Nikampa mgongo kwa heshima. Ni kweli mgongo wangu ni chuma, na chuma na chuma havishikani, vinakwaruzana tu. Lakini adabu ninayo."

Pedi ile ilikuwa inaongea kwa sauti yangu.

"Na gari litasimamaje?"

"Mwenzangu wa nje atashika."

"Mimi peke yangu?" mwenzake akaruka. "Mteremko wote ule? Ndizi zote zile? Na mama mwenye mwili ule?"

"Mwili wangu umekukosea nini?" ikauliza sauti ya mama.

Nainua macho. Sebule haipo. Tuko ndani ya pikapu, na pikapu iko kwenye mteremko.

Mama amekaa dirishani, anamenya ndizi. Mimi niko katikati, ndoo mapajani. Baba ameshika usukani, lakini kwa kuwa mimi niko mbele na hatakiwi kuniona, amegeukia nyuma. Anaendesha huku anatazama tulikotoka.

"Ndoo," anasema kwa utulivu, "mwambie aliye mbele anieleze kuna nini barabarani."

"Ndoo, mwambie baba kuna kona."

Ndoo kimya. Kona inapita, nusu ya ndizi zinabaki nayo.

"Ndoo, mwambie baba kuna ng'ombe!"

Ndoo kimya. Ng'ombe anajisogeza mwenyewe. "Pole zenu," anasema.

Baba anakanyaga pedeli. Pedeli inazama hadi sakafuni na kuuliza, "Nipeleke nguvu hii kwa nani? Huko chini mmoja amegeuka."

Migomba inapita kama inakimbizwa na nyuki.

"Mwanangu," anasema mama, "si umwambie mwenyewe?"

"Siwezi, mama. Ni mwiko."

"Haya." Ananikatia kipande cha ndizi. "Basi kula. Watatuzika pamoja, na kwenye msiba wetu watasema mkwe alikuwa na adabu sana."

Diski ikapiga ukelele. Sijawahi kusikia sauti ya namna ile, kama sufuria tupu linaburuzwa kwenye saruji. Nikapeleka mkono chini, nikaikamata pedi mabegani.

"Niache! Ataniona!"

"Akuone!" nikasema, nikaigeuza kwa nguvu zangu zote. Kanga ikaanguka. Uso wake ulikuwa mweusi, laini, na macho yalikuwa yangu. Mbele yetu barabara imekwisha. Nikafungua mdomo.

Nikaamka. Mdomo ulikuwa bado wazi, na ukelele ulikuwa bado unaendelea. Ulitoka nje, uani, sufuria juu ya saruji. Palikuwa pamekucha, na pikapu ilikuwa inasogea kuelekea getini.

Nilitoka bila viatu. Mama alishakaa ndani, mkungu miguuni. Baba aliponiona akageuza uso upande wa migomba, kama kawaida yake.

"Ndoo," akaanza, "mwambie huyo afungue geti."

Sikuitafuta ndoo.

"Baba, simama! Usiende! Pedi ya ndani imekaa kinyume!"

Kuku waliacha kudonoa. Mama aliziba mdomo kwa mikono yote miwili. Baba akazima gari, akashuka, akachukua jeki. Alipofungua tairi na kuchungulia, alikuta mgongo wa chuma wa pedi ya ndani umeielekea diski. Akapitisha kidole juu ya michirizi, akakitazama kidole.

"Fundi ni wa watu wasio na mikono," mama akasema, taratibu.

Baba akafuta kidole kwenye suruali. Alinigeukia mimi. Ndiyo mara ya kwanza kuyaona macho yake; ni ya kahawia kama ya Gwamaka.

"Lete jiwe, mwanangu," akasema. "Jingine. Hili naona limesogea."

Nikakimbilia jiwe kando ya baraza, nikasimama. Juu ya kiti cha baba, ambacho hata mama hathubutu kuwekea kitu, ilikuwa imekaa ndoo ya bluu. Nilichungulia ndani. Mlikuwa na punje moja ya maharage, imeiva, ina chumvi yake.