Kamba ya Uwanja wa Marsa

Jumapili, saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi, Jobish Kuriakose alikuwa akimnyoa ndevu mzee Karmnu. Alianza na shavu la kushoto kama kila siku, kwa kuwa la kulia lilikuwa na kovu, na mzee hakutaka liguswe kabla hajanywa chai yake ya maziwa ya kopo. Nje, kengele za parokia zilikuwa zikiita watu kwenye misa ya kwanza.

"Leo mnacheza na nani?" mzee aliuliza, povu la sabuni limemzunguka mdomo.

"Estonia, babu."

"Wako wapi hao?"

"Kaskazini huko, kwenye baridi."

"Basi jua litawamaliza, nyie msihangaike. Na usinikate. Nikifa leo sitajua nani kashinda."

"Tangu lini babu akajua nani kashinda?"

"Ule ni mchezo wa watu wasio na haraka ya kwenda popote," mzee alisema, akafumba macho ili anyolewe juu ya mdomo.

Jobish alikuwa na miaka thelathini na minne. Kwao ni Kuttanad, katika Kerala, kusini mwa India, ambako mashamba ya mpunga yako chini kuliko bahari na watu huenda kanisani kwa mtumbwi. Alikuwa amekwisha kutimiza miaka mitatu Malta akiwalea wazee, na miaka mitatu ilitosha kumfanya mchezaji halali wa timu ya taifa ya kriketi. Katika wale kumi na mmoja, aliyezaliwa kisiwani alikuwa mmoja tu. Waliobaki walikuwa madereva wa basi, wapishi, wauguzi na wapeleka chakula kwa pikipiki. Wimbo wa taifa waliuimba wote kwa moyo mmoja na kwa lafudhi saba.

Pasipoti yake ilikuwa kwenye droo ya Bwana Alfrid Zerafa, mwenye nyumba ya kulea wazee alikofanya kazi. Iliingia humo siku aliyowasili, pamoja na mkataba wa miaka mitano, isije ikapotea. Wiki moja kabla ya mechi, mkewe Lijimol alimpigia simu: figo za baba yake Jobish zimegoma, na daktari amesema watoto waitwe. Jobish alikwenda ofisini. Bwana Zerafa alimpa kiti, akamsogezea sahani ya biskuti.

"Baba ni baba, nakuelewa," alisema. "Lakini nikikuruhusu wewe, kesho kila mtu hapa atakuwa na baba. Tuzungumze Septemba."

Huo ulikuwa mwezi wa Juni.

Basi Jumapili hiyo, kwenye uwanja wa Marsa, Malta walitangulia kupiga, wakapata mikimbio mia moja na sitini na moja. Estonia walipoingia kupiga, Jobish aliwekwa mbali, karibu na ile kamba nyeupe inayolazwa kwenye nyasi kuuzunguka uwanja. Katika ova ya kumi na mbili, yaani zamu ya kumi na mbili ya mipira sita sita, Mwestonia mmoja mwenye masikio mekundu aliupiga mpira upande wake. Jobish akaukimbilia. Mpira uliivuka kamba, mwamuzi akapunga mkono kuonyesha mikimbio minne, mtazamaji akaurudisha mpira, mrushaji akaufuta kwenye suruali na kurudi mahali pake. Jobish alikuwa bado anakimbia.

"Jobi! Unakwenda wapi, ndugu yangu?" nahodha Haroon alimwita.

"Kwenye kamba."

"Acha kamba. Rudi tucheze."

Malta walishinda kwa mikimbio tisa. Watu walipeana mikono, wakaelekea kwenye turubai kula. Jobish naye aliondoka katikati ya uwanja pamoja nao. Kutoka pale hadi kwenye kamba ni hatua sitini. Alipiga sitini, akapiga mia, akapiga mia tatu, na kamba ilikuwa mbele yake kama hatua nane hivi, haisogei na haifikiki. Wenzake walikuwa wameshaketi na sahani mapajani.

Haroon, aliyezaliwa Sialkot, Pakistani, na ambaye siku za kazi aliendesha basi, alirudi kumshika mkono amtoe. Walitembea pamoja. Haroon alipofika nje ya kamba aliutazama mkono wake, ulikuwa mtupu. Wakajaribu upande wa barabara ya mbio za farasi. Wakambeba juu kwa juu, watu wanne, kama jeneza. Wabebaji wakavuka, yeye akabaki amelala chali kwenye nyasi. Salvu, mtunza uwanja, alikuja na toroli lake wakajaribu na toroli. Toroli lilivuka.

"Marehemu babu yangu alikuwa na nyumbu," Salvu alisema, akilikagua gurudumu. "Alikaa hivihivi kwenye shamba la vitunguu, mwaka mzima. Mwishowe tukamjengea zizi palepale."

Wakamletea Jobish biriani, wakamsimamishia hema dogo upande wenye kivuli.

Kesho yake saa moja na nusu asubuhi, basi dogo la nyumba ya wazee lilisimama kando ya uwanja. Bwana Zerafa alishuka, akaivuka kamba kwa viatu vyake vya kung'aa.

"Zamu yako ilianza saa kumi na moja," alisema.

"Siwezi kutoka, bosi."

"Nimeambiwa. Ndiyo maana nimewaleta."

Nyuma yake walikuwa wakiteremshwa wazee wanane kwenye viti vya magurudumu, na mabeseni, na taulo, na dawa za kila mmoja kwenye kijisanduku chenye jina lake. Wote waliivuka kamba bila taabu, kwenda na kurudi. Salvu alivuta mpira wa maji hadi karibu. Tangu siku hiyo Jobish aliwaogesha wazee nyuma ya pazia kubwa jeupe linalosimamishwa uwanjani ili mpigaji auone mpira, akawanyoa, akawalisha supu, akawageuza wasipate vidonda. Farasi wa mazoezi walipita na vigari vyao, vumbi likatua juu ya supu. Wazee walipapenda. Mama Ġiża alisema hajawahi kulala mchana vizuri hivyo tangu vita. Padri alikuwa akija Ijumaa na komunyo. Gazeti moja lilitoa picha ya Jobish na gongo lake, na chini yake wakaandika kwamba ndiye mchezaji aliyeipenda Malta hata hataki kutoka uwanjani. Viongozi wa timu wakaleta barua ya kumshukuru kwa kujituma.

Siku ya nne alimwomba Bwana Zerafa pasipoti yake.

"Ya nini?" Bwana Zerafa aliuliza, naye aliuliza kwa dhati. "Na wewe umo humu?"

Kila jioni baba yake alimpigia. Sauti ya mzee ilikuwa ikisikika kama mtu anayezungumza ndani ya mtungi.

"Umefika wapi?"

"Niko njiani, baba."

"Njia gani hiyo isiyoisha? Au umepita kwa wakwe?"

"Foleni, baba. Foleni tu."

"Haya. Usikimbie. Mimi nipo." Kisha simu ilichukuliwa na Lijimol, na Lijimol alimweleza habari za mvua tu, kwa sababu alijua hakuna foleni, na alijua kwamba mumewe anajua kwamba anajua.

Mzee Karmnu alikuwa karibu siku hizo zote, kipande cha godoro kimewekwa mgongoni mwake. Macho yake hayakuona mbali, lakini masikio yalikuwa mazima. Wiki ya tatu, siku ya Jumatano, alifika uwanjani na blanketi magotini ingawa jua lilikuwa kali kiasi cha kupasua mawe.

"Nisogelee," alimwambia Jobish. "Karibu. Nifunge kamba za kiatu."

"Babu umevaa ndara."

"Zifunge hivyohivyo."

Jobish alipoinama, mzee alifunua pembe ya blanketi. Chini yake ilikuwa pasipoti.

"Nilikwenda ofisini kulalamika juu ya supu," mzee alinong'ona. "Akapigiwa simu, akanipa mgongo. Mwanangu, mimi nimefanya kazi miaka arobaini kwenye karakana ya meli. Pale hapakuwa na mwanamume aliyetoka getini mikono mitupu."

"Babu, watakufukuza."

"Waniweke wapi? Nenda kamwone baba yako."

Jobish aliitia pasipoti mfuko wa shati. Alianza kutembea kutoka katikati ya uwanja, na safari hii nyasi zilipita chini ya miguu yake kama nyasi za kila mahali. Hatua ya hamsini na tisa aliiona kamba kwenye ncha ya kiatu. Akaivuka. Salvu alikuwa akipaka chokaa mistari, na hakuinua kichwa.

"Funga geti," alisema. "Mbuzi wanaingia."

Haroon alimpakia kwenye basi lake wakati wa mapumziko, kibao cha mbele kimeandikwa kwamba gari haliko kazini. Tiketi wachezaji walikuwa wameshamkatia. Walimkatia tangu wiki ya kwanza na kuisogeza mbele kila wiki. Njia nzima Haroon aliendesha kwa kuimba. Kwenye uwanja wa ndege alimkumbatia, akamwekea mkate wa jibini mfukoni.

"Umsalimie mzee. Mwambie nahodha wako ni Mpakistani, umwone atakavyocheka."

"Atapona kwa hasira."

Ndani, karibu na mlango wa kuondokea, kamba nyeupe ilikuwa imelazwa sakafuni, kutoka ukuta hadi ukuta. Ilikuwa na unene uleule, imefungwa vilevile. Abiria wenye kaptura na kofia waliivuka wakiburuta masanduku. Upande wa huku kulikuwa na watu kama ishirini wanaotembea kuielekea. Walitembea kwa mwendo wa kawaida, mizigo mkononi, na wasafisha sakafu walipiga deki katikati yao wakiomba radhi. Jobish alijiunga nao. Kulikuwa na hatua nane.

Baada ya saa moja, mwanamke aliyekuwa akitembea kushoto kwake alimsogea. Alikuwa Mnepali, kwa jina Sarmila, mfuaji wa mashuka katika hoteli moja.

"Hamia upande wangu, kaka," alisema. "Hapo ulipo sakafu inateleza."

"Ahsante, dada. Mimi nina pasipoti."

"Hata mimi ninayo. Huyu hapa mbele anazo mbili." Alihamisha begi mkono mwingine. "Mkataba umekubakia muda gani?"

"Miaka miwili."

"Mie mitatu. Yule kaka mwenye shati la kijani kabakiza miezi minne, na kama umeona, yeye yuko karibu karibu."

Jobish alimtazama mwenye shati la kijani. Kweli, alikuwa amebakiza hatua mbili.

Kipaza sauti kiliita abiria wa ndege yake. Halafu kiliita jina lake, mara tatu, kwa adabu, kila mara likitamkwa vingine. Jobish aliongeza mwendo, kisha alikimbia kama anavyokimbia uwanjani, magoti juu, na watu wakampisha. Aliusikia mlango wa kuingilia ndege ukifungwa akiwa bado na hatua nane. Akapunguza mwendo, akatembea. Mkate wa Haroon aliukata, nusu akampa Sarmila.

Kesho yake mchana, Lijimol alipiga simu. Hakumuuliza amefika wapi. Alisema tu, "Nakushikia simu juu, utaona vizuri." Jobish akaona mfereji wa kwao, maji yamejaa magugu ya zambarau, na mtumbwi mrefu uliobeba jeneza la baba yake, lenye taji la maua ya manjano. Aliona ndugu zake wakisimama wima ndani ya mtumbwi. Aliona nafasi iliyoachwa wazi kwenye kona ya mbele ya kulia, pale anaposhika jeneza mtoto wa kwanza wa kiume. Mpwa wake alikuwa amewekwa pale, kisha akasogezwa, kisha wakapaacha hivyohivyo. Alitazama akitembea. Sarmila alimshika kiwiko ili asimgonge mtu, naye aliendelea kutazama hadi padri alipomwaga udongo na Lijimol akashusha simu.

Ndipo aliposimama. Alikaa kidogo amesimama, watu wakimpita pembeni. Alimuuliza Sarmila kama kuna kitu angependa aletewe. Sarmila alisema soksi, na kwamba asijisumbue.

Kurudi hakukuwa kazi. Zilikuwa hatua kumi na moja hadi nje, na basi lilikuwa limesimama kituoni likisubiri.

Bwana Zerafa alikuwa ofisini. Aliinuka, akampa pole kwa mikono miwili, na macho yake yalikuwa na machozi kweli, maana yeye naye alimzika baba yake mwezi wa Februari. Akamuuliza kama amekula. Kisha aliunyosha mkono, na Jobish akaitoa pasipoti kwenye mfuko wa shati, akampa. Droo ilifunguka, ikafungwa.

"Si kwa ubaya," Bwana Zerafa alisema.

"Najua, bosi."

Mlangoni Bwana Zerafa alimwambia kwamba kamba ya Marsa haimzuii tena, Salvu mwenyewe kaipima kwa toroli, kwa hiyo kazi zitafanyika humuhumu ndani kama zamani, na Jumapili asisahau kuna mechi na Bulgaria. Viongozi wa timu wameshapiga simu mara mbili kuulizia afya yake. Katika korido mzee Karmnu alikuwa kwenye kiti chake. Alizitambua hatua zile, akageuzia uso ukutani, akalia kimya, mabega tu yakicheza. Jobish alimrekebishia kile kipande cha godoro mgongoni, akapita.

Chumba cha tatu, mama Ġiża alikuwa amekataa kuogeshwa tangu Jumatano. Aliwafukuza wahudumu wawili kwa fimbo, akisema atamngoja mtu wake hata mwaka.

"Umechelewa," alimwambia.

"Nimechelewa, mama."

"Ulikuwa wapi?"

Jobish alikunja mikono ya shati. Alifungua bomba la moto, halafu la baridi, akachovya kiwiko kwenye beseni kusikia joto la maji.

"Yako sawa," alisema. "Njoo."