Mama Mdogo Yuko Zamu

Asubuhi ya kliniki, msusi alimvika binti yake gauni la mikono mifupi ili muuguzi asihangaike kutafuta mshipa. Mtoto walimwita Chiriku, kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika. Walipofika kwenye kliniki ya watoto waliopandikizwa ini, mama mdogo wake alikuwa ameshaketi kwenye benchi, mkoba mapajani. Alikuwa amefariki tangu msimu wa mvua uliopita, siku chache baada ya kukatwa kipande cha ini apewe mtoto wa dada yake.

"Mmechelewa," alisema.

"Huyu alificha viatu," msusi akamjibu mdogo wake, akamketisha mtoto katikati yao.

Mama mdogo aliweka kiganja chini ya mbavu za Chiriku, upande wa kulia, akatega sikio.

"Wameamka. Si wengi bado. Dada, waambie waongeze dawa kabla homa haijafika."

Daktari akaongeza. Tangu mwanzo alishawaeleza: ini la mama mdogo lilikuwa na virusi; mtu mzima huishi navyo miaka nenda miaka rudi bila hata mafua, lakini ini linapohamia kwa mtoto aliyepunguzwa kinga ili mwili usilikatae, navyo huhama, na huko hugeuka moto. Damu ipimwe kila mara, dalili zisisubiriwe. Basi damu ilichukuliwa, ikapelekwa maabara, ikakaa. Mashine ilikuwa mbovu, imefunikwa shuka. "Fundi yuko njiani," mtu wa maabara alisema, kama mtu aliyechoshwa na wimbo wake mwenyewe.

"Mimi nawajua," mama mdogo alisema. "Nimekaa nao tangu utotoni. Ni wageni wangu, wamehama na mzigo wangu."

Msusi alimshika mkono. Ulikuwa baridi kama sakafu. Alitaka kumwomba radhi tena, ila mdogo wake hakupenda maneno hayo.

"Mkate mtoto kucha, anajikuna," ndiyo yaliyokuwa majibu yake.

Hospitali ilimzoea. Muuguzi mkuu alimtengea kiti chenye mto. Daktari, kabla hata hajavaa koti, aliuliza mlangoni, "Mama mdogo amesemaje leo?" Hatimaye fundi alipotokea na sanduku lake, mkuu wa hospitali alimrudisha akiwa bado getini. Kazi ile, alisema, sasa ina mtu.

Siku hiyohiyo mama mmoja alimfungua mtoto wake mgongoni, akamlaza mapajani mwa mama mdogo.

"Nipimie na wangu, ndugu yangu. Tangu jana anakataa chakula."

Mama mdogo aliweka kiganja, akasikiliza muda mrefu. Hata Chiriku alinyamaza.

"Hawa siwajui," alisema mwisho. "Nasikia watu wanazungumza nyuma ya ukuta, lakini si lugha yangu."

Daktari alikuna kidevu. Dawa ile ilikuwa kali, hakutaka kuitoa kwa kubahatisha. "Tusubiri tuone," alisema.

Wakasubiri. Kliniki iliyofuata yule mama alikuja peke yake, kitambaa cha kubebea kimekunjwa mkononi. Aliketi kwenye benchi, hakulia.

"Ini la mwanangu lilitoka kwa mtu aliyegongwa na gari," alimwambia msusi. "Sikuambiwa ni nani. Ningejua, ningemwita."

Daktari alichungulia mlangoni, akauliza mama mdogo amesemaje.

"Wamelala," mama mdogo alijibu. "Mtoto yu salama."

Msusi akainuka na Chiriku kwenda kuchukua dawa. Alipita mbele ya yule mama huku ameinamisha macho, akaona aibu kwa furaha yake.

Nyuma yake alimsikia akimwuliza mama mdogo, "Huko unakorudi, ukimkuta mwanangu utamjuaje?"

"Niambie wewe."

"Aliondoka hajala."

"Nitamlisha," mama mdogo alisema.

Muuguzi akamwita mtoto anayefuata, akajaza chupa ya damu, na chupa ikapelekwa maabara kama kawaida, ikawekwa kando ya mashine iliyofunikwa shuka.