Mpaka Hiral Aolewe

Wakulima walioingia Kahama kununua spea za baiskeli walipenda duka la Jashvant kwa sababu ya Kisukuma chake. Alizaliwa Shinyanga, akakua akizunguka na baba yake kwenye vituo vya kununulia pamba, na lugha ile ilimkaa mdomoni kuliko hata Kiswahili. Mteja akiingia, Jashvant ndiye aliyetangulia kumsalimu mwangaluka, kisha akauliza habari za ng'ombe, za mvua, za mgonjwa aliyeachwa nyumbani. Ndipo wakafika kwenye tairi na mnyororo.

Mwaka 1996 maneno yakaanza kumtoka. Alikuwa akishika pedeli mkononi na kuiita "hiki kitu". Mteja aliyekwisha kuhudumiwa aliulizwa tena anataka nini. Asubuhi moja Mihayo, mteja wake tangu wote wawili wakiwa vijana, alimsalimu kwa Kisukuma akajibiwa Kigujarati. Mihayo alicheka akidhani ni utani. Jashvant hakucheka.

Binti yake Hiral, aliyekuwa akisaidia dukani tangu mama yake afariki, aliyaona hayo yote. Kaka yake Vipul aliyaona pia, akasema ni uzee.

Hiral alisikia maelezo mengine kliniki, siku alipompeleka mtoto wa Vipul kupimwa uzito. Nesi aitwaye Melania, aliyekuwa ametoka mafunzoni Dodoma, alisimama mbele ya akina mama waliokaa kwenye mabenchi. Aliwaambia kwamba mzee anayepotea njia aliyoizoea, anayeuliza jambo lile lile, anayesahau majina ya vitu vya kila siku, asisemwe kuwa amezeeka tu wala kuwa amerogwa. Huenda ni ugonjwa wa ubongo, na inafaa aletwe mapema.

Mama mmoja aliuliza dawa yake ni ipi. Melania alikiri kwamba ugonjwa wenyewe hauna dawa ya kuuponya. Akina mama wakacheka. Sasa tumlete wa nini, wakauliza.

"Kwa sababu yako magonjwa mengine yanayofanana nao kabisa, na hayo yanatibika," Melania alisema. "Ila yakikaa sana, nayo hayatibiki tena. Huwezi kujua ni upi mpaka apimwe."

Jioni Hiral alimweleza Vipul, naye alimsikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya. Alimpenda baba yake, na kila asubuhi yeye ndiye aliyemfunga vifungo vya shati. Lakini kulikuwa na familia ya Mwanza iliyoahidi kuja kumwona Hiral baada ya sikukuu ya Diwali, na mtaalamu wa kupima ubongo ndiye huyo huyo aliyetibu vichaa.

"Wakisikia baba amepelekwa kule, watasema wazimu uko kwenye damu yetu," Vipul alisema. "Uolewe kwanza. Harusi ikiisha nitampeleka mwenyewe."

Hiral alikuwa ameshavuka umri ambao wenzake wote waliolewa, na aliitaka nyumba yake. Alinyamaza, na kunyamaza kwake kukachukuliwa kuwa amekubali.

Kuanzia hapo Jashvant alikaa katika chumba cha nyuma ya duka. Wateja waliambiwa kwamba amekwenda India kutibiwa macho. Mihayo alisikia kikohozi anachokifahamu kikitoka nyuma ya pazia, akalipia spoki zake na kuaga bila kuuliza kitu. Diwali ikapita. Wageni wa Mwanza wakaahirisha safari, wakaahirisha tena. Kule nyuma Kisukuma kilikuwa kimekwisha, na Kiswahili nacho kikamponyoka mzee, kikabaki Kigujarati cha mtoto mdogo.

Msimu wa mpunga ulipofika, mji ulijaa malori na watu. Mlango wa uani ukaachwa wazi, Jashvant akatoka. Akafika stendi, akapanda basi la kwenda Katoro, na hakuna aliyemzuia kwa kuwa alivaa vizuri. Huko Katoro aliingia katika duka la mnunuzi wa dhahabu, akapita nyuma ya meza, akaketi kama anayefungua duka lake, akaanza kuusogeza mzani. Wakamuuliza yeye ni nani. Hakuwaelewa, na alichojibu hawakukielewa. Vijana waliokuwa wakisubiri kuuza walimtoa nje kwa mateke na kumpigia barabarani kama mwizi, mpaka Doto, mama wa Kahama aliyekuwa akiuza mchele hapo karibu, alipomtambua na kujitupa katikati yao.

Vipul na Hiral walimkuta amelazwa kwenye magunia ya Doto, kichwa kimefungwa khanga.

Sasa wakampeleka kwa Melania bila kujali macho ya watu, na Melania akawatuma Mwanza kwenye hospitali kubwa. Waliporudi, Hiral alimfuata nesi kliniki peke yake.

"Sista, ule wa baba ulikuwa upi? Ule usio na dawa, au ule mwingine?"

"Sijui, mdogo wangu. Ameumia kichwani, mambo yamechanganyika. Hata wao Mwanza hawawezi kujua tena."

Ile familia ya Mwanza ilituma salamu za pole na haikuja.

Vipul aliomba Melania aje aseme na familia za Wahindi wenzao kwenye ukumbi wa hekalu. Walikuja wachache. Walimkaribisha chai na kachori, wakamsikiliza kwa heshima, wakamshukuru. Alipowauliza kama kuna mwenye swali, hakuna aliyefungua mdomo.

Mlangoni jirani mmoja, Mama Viral, ambaye mume wake alikuwa amepotea sokoni mara mbili mwezi ule, alimvuta Melania pembeni.

"Chumba chenu cha kupimia," aliuliza kwa sauti ya chini, "mlango wake uko upande gani?"

Melania alisema uko upande wa barabara, mbele ya kila apitaye. Mama Viral alivuta sari yake begani, akaitikia kwa kichwa, akaondoka. Hiral, aliyekuwa amewasikia, alikwenda kumngojea kliniki wiki nzima, kisha akaacha kumngojea.