Kata ya Kwanza

Kata ya kifuu ilikuwa imejaa tembo la mnazi, na povu lilikuwa bado likipasuka polepole ukingoni. Mzee Gona, baba mkwe wangu, alininyooshea mbele ya wazee wa ukoo wake.

"Aliyeleta ndiye aonjaye. Haya, mkwe."

Ndiyo ada yetu. Tembo likiletwa kwa watu, mwenye kulileta hunywa kata ya kwanza, wote wajue kwamba halina sumu wala uchawi. Anayekataa kuonja amekwisha kujishtaki mwenyewe.

Nami nilikuwa nimeapa kutoonja tena.

Vita vya dunia vilikuwa vimekwisha mwaka uliotangulia. Wakati wa vita, askari walipojaa Mombasa, vilabu vya Kisauni havikulala, na mimi ndiye niliyekuwa taa yake. Hakuna aliyenifundisha kutunga. Nilizaliwa na ulimi mkali, nikaunoa mwenyewe. Ubeti mmoja, kata moja. Niliwaimba watu wakacheka, niliwaimba wakalia, na kila asubuhi mke wangu Nyamvula alinifuta matapishi kifuani. Siku moja hakunifuta. Alikuwa amerudi kwao Kiembeni.

Walionibakia walikuwa wawili. Ngumbao, mgema jirani yangu, alikataa kuniuzia. "Nitukane kwa mashairi mpaka ukauke koo," aliniambia kutoka juu ya mnazi, "tembo langu hulipati." Na Mahfudh, mwenye duka la njiani, alinikalisha barazani pake kila jioni, saa ile kiu inapoamka. Mikono ilinitetemeka hata kahawa ikamwagika mapajani. Akanijazia tena.

"Imwagike, inywewe, yote sawa," alisema. "Mradi uko hapa, Karisa."

Nilimchukia kwa upole wake. Kesho yake nikarudi.

Nilipoweza kushika kikombe kikatulia, Ngumbao akasema wakati umefika wa kumfuata mke. Mke aliyerudi kwao hafuatwi mikono mitupu. Wazee hutaka kibuyu cha tembo. Ngumbao aligema, akakibeba mwenyewe begani, akatembea mbali nami ili harufu isinifikie. Tulifikiria yote: njia ya kupita, maneno ya kusema, leso ya mama mkwe. Kata ya kwanza hatukuifikiria. Kwetu sisi watu wa tembo, kuonja hakujapata kuwa kunywa.

"Nitaonja mimi," Ngumbao alisema sasa, kata ikiwa bado mbele yangu. "Mimi ndiye niliyeligema."

"Kwani wewe ndiye uliyemuoa binti yangu?" Mzee Gona akanigeukia. "Malenga wa vilabuni! Tembo lote la Kisauni limepita kooni mwako, hili moja tu ndilo likushindalo? Au umelitia nini?"

Wazee wakaguna. Mmoja akasogeza kigoda chake nyuma.

Damu ikanipanda. Sikuwahi kutukanwa nikanyamaza. Ningeweza kuinywa kata ile kwa hasira tu, niwaonyeshe mimi ni nani. Nikaipokea. Harufu ikanilaki kama ndugu aliyekuwa safarini. Nilitafuta ubeti wa kumjibu, mmoja tu, na kwa mara ya kwanza maishani sikuupata. Nikabaki na maneno matupu, yasiyo na vina.

"Baba, halina kitu. Ila nikionja hili, sitaishia kuonja. Utakuwa umemrudisha binti yako kwa mtu yule yule aliyemkimbia."

"Maneno hayaondoi sumu."

Ndipo Nyamvula alipotoka jikoni. Alipiga goti mbele ya baba yake, kisha akaishika kata iliyokuwa mkononi mwangu. Sikuiachia mara moja.

"Lete," alisema.

"Mwanangu, hujui kilichomo humo!"

"Huyu namjua, baba. Nikifa, nimekufa mkewe."

Akainywa yote, macho ameyafumba, yeye ambaye hakuwa amelionja tangu siku ya harusi yetu. Akaipindua kata, tone moja likaanguka mchangani. Wazee walimkodolea macho, wakingoja aanguke. Alikohoa tu, akajifuta mdomo kwa leso.

Mzee Gona aliichukua kata mkononi mwake, akaichungulia ndani.

"Jazeni nyingine," alisema mwishowe. "Na huyu mpeni maji."

Tulirudi alasiri. Ngumbao alitangulia na kibuyu kitupu. Upepo ulivuma kutoka baharini, na pumzi ya mke wangu ilikuwa ya tembo. Nilinyoosha mkono nimshike.

"Ngoja," alisema Nyamvula.

Akavuka njia, akaenda upande wa pili, ambako upepo ulikuwa ukitoka kwangu kwenda kwake. Tukatembea hivyo, njia ikiwa kati yetu, mpaka Kisauni.