Neno Ambalo Feleti Hakulisema Ukumbini

"Huyo anayejua maini ya dunia nzima, la dada yake halioni?" Sisilia aliniuliza siku moja uani, huku akimchungulia Kalolaine anavyopita na macho yake ya manjano.

Nikajitia kufagia. Sisilia ukimjibu, jibu lako linafika sokoni mjini Neiafu kabla yako.

Lakini swali lilikuwa la haki. Feleti, mdogo wake Kalolaine, alikaa Australia mpaka kipara kikamwingia, akichunguza jambo moja tu: dawa ikishaingia mwilini, ini huifanyaje. Aliniambia maini ni kama wapishi. Mengine yana moto mkali, dawa inakwisha upesi. Mengine ni mazito, dawa inarundikana mpaka inamuunguza mwenyewe. Mwishowe akachoka na chupa za maabara, akarudi kwetu Vava'u, visiwani Tonga, kusimamia afya ya watu. "Kule nililijua ini bila kumjua mwenye ini," alisema. Kanisani tulimshukuru Mungu kwa ajili yake.

Kifua kikuu kilipoingia kijijini, ndiye aliyesimama ukumbini na vidonge vya kinga kwa kila aliyeishi nyumba moja na mgonjwa. Kalolaine alikuwa mmojawapo, kwa sababu ya mama mkwe wake. Alikaa mbele kabisa, kama inavyomstahili dada mkubwa. Mimi nilikuwa nyuma yake. Feleti akasema msiruke hata kidonge kimoja. Akasema ukijisikia vibaya mwambie muuguzi. Halafu akafungua kinywa, akamwona dada yake, akakifunga. Akakohoa, akaomba tusali.

Kwetu kaka na dada hawakai chumba kimoja wakapiga soga, sembuse kutaja mambo ya chooni. Likitamkwa neno la namna hiyo mbele ya wote wawili, mmoja lazima atoke. Alichokimeza siku ile nilikuja kukijua baada ya macho ya Kalolaine kugeuka manjano, aliponijia jikoni mimi jirani yao wa tangu utoto. Hakukaa, wala hakugusa magimbi niliyomwekea.

"Mama Vika, niulizie Kalolaine. Mkojo wake una rangi gani?"

"Ndicho ulichokiacha ukumbini?"

Akainamisha kichwa. "Ukiwa mweusi kama chai ya rangi, ini linaungua, na vidonge viachwe hapohapo. Ningesemaje, naye amekaa pale mbele yangu? Wengine niliwapitia nyumba kwa nyumba nikawaambia. Kwake ndiko nilikoshindwa kuingia."

Nikaenda. Kalolaine alikuwa amejilaza juu ya mkeka anaousuka, sahani ya chakula iko pembeni na nzi wameitangulia.

"Mkojo?" Akacheka. "Mama, umezeeka vibaya! Siku hizi unakagua vyoo vya watu?"

"Nijibu, mwanangu. Ukiwa mweusi unaweza kufa."

"Mweupe kama maji ya mvua." Kisha akanikazia macho. "Nani kakutuma?"

Nikaanza kuwafukuza nzi kwenye sahani.

"Basi. Nikikuambia wewe nimemwambia yeye. Na nikiviacha vidonge, huyo Sisilia atanyamaza? Dawa ya daktari imemshinda dada wa daktari! Nani atameza tena? Yeye kasema tusiruke. Siruki."

"Twende hospitali akuone mwingine."

"Hospitali nzima ni watu wake, Mama."

Nilirudi kwa Feleti nikamweleza yote: jibu lake la uongo, macho ya manjano, chakula asichokigusa. Akakaa kwenye ngazi ya mlango wake.

"Maini ya wageni nimeyapima maisha yangu yote," akasema. "Nikimtamkia mwenyewe ni kumvua nguo hadharani. Nisipomtamkia..."

"Muite faraghani."

"Faraghani ni vibaya zaidi. Unajua."

Nilijua. Niliomba kimoyomoyo nipewe neno laini, sikupewa. Nikamwambia nililokuwa nalo: "Ukiendelea kumheshimu hivyo, utamzika kwa heshima."

Kesho yake wanawake tulikuwa ukumbini tunasuka. Gari la hospitali likasimama nje. Feleti akaingia amejifunga mkeka kiunoni, ule wa msibani, ambao kwetu huvaliwa pia kuomba radhi, akaketi chini karibu na mlango.

"Daktari, umepotea njia?" Sisilia akamtania. "Bakuli la kava linanywewa kule kwa wanaume wenzako!"

Feleti hakumtazama. "Dada Kalolaine," akasema. "Mkojo wako ni mweusi. Vidonge vyangu vinakuunguza ini. Siku ile nilipaswa kusema humu humu, nikaona haya. Viache leo. Aibu ni yangu, si yako."

Hakuna aliyecheka. Hata Sisilia alijifunika uso kwa majani ya mkadi aliyokuwa anasukia.

Kalolaine alimtazama mdogo wake usoni, jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu wakiwa wadogo. Akaweka chini usukaji wake. Akatoa pakiti ya vidonge kapuni, akaiweka sakafuni mbele ya magoti ya Feleti. Kisha akakusanya sketi yake isimguse, akapita mlangoni, akaenda kupanda gari la hospitali.