Vumbi la Sindano

Jumatatu saa nne asubuhi, Theodosia alishuka kwenye bodaboda mbele ya banda la fundi Haidari, Kasulu mjini, amekumbatia mashine ya santuri, na santuri yenyewe juu yake, vimefungwa kwa kitenge. Alisema mzee ameanza kukata maneno.

Mzee alikuwa baba yake, aliyezikwa kijijini kwao miaka miwili iliyopita. Tangu matanga yaishe, upande wa pili wa santuri yake ya dansi haukuimba tena. Mzee alikohoa humo, akawasalimu waliokuwepo, kisha akataja mpaka wa shamba: kutoka kisimani hadi mti wa tatu ni pa Theodosia. Alhamisi baraza la ardhi lingesikiliza shauri, na kaka yake Leonidasi alikwisha kulima mpaka ukingoni mwa kisima. Theodosia hakuwa na karatasi wala shahidi mwingine.

Haidari aliinua mkono wa mashine. Juu ya kichwa cha sindano palikuwa na sarafu ya shilingi mia mbili, imebandikwa kwa gundi.

"Nani kaweka hii?"

"Kaka. Anasema sindano isirukeruke. Kila Jumapili anamsikiliza mzee, asubuhi mpaka jioni."

"Mtoto mwema huyo," alisema Haidari, ambaye ulimi wake haukuwa na subira. "Hapa hasikilizwi mtu, dada. Hapa analimwa."

Aliitazama ncha kwa kioo cha kukuzia. Ilikuwa imelika upande mmoja, imejaa vumbi jeusi lililochimbwa kwenye santuri. Akalisugua kwa brashi laini, kutoka nyuma kuja mbele, likaangukia kwenye karatasi. Karatasi ikasema kwa Kiha: mti wa tatu. Haidari akaikunja na kuitia kwenye bahasha, kwa sababu vitu vya mteja havitupwi.

Aling'oa sarafu, akafunga sindano mpya. Akaweka glasi ya maji juu ya mashine mpaka maji yakatulia sawasawa, kisha akaazima mizani ya sonara Hilali na kupima uzito wa mkono: gramu mbili kamili. Akaishusha sindano. Mzee akakohoa, akasalimu, akasema "kutoka". Baada ya hapo ukawa mkwaruzo mtupu.

"Sindano iko sawa," alisema Haidari. "Njia yake kwenye santuri ndiyo imekwisha."

Theodosia alilia, akiona aibu kulia mbele ya mwanamume asiyemjua. Kisha akafuta uso kwa kitenge.

"Basi fundi, nipe bahasha."

Alhamisi aliimwaga mezani, mbele ya wajumbe. Vumbi likasema yote, ila kwa kuchanganyika: mti, Theodosia, kisimani, wa tatu, hadi, ni pa. Mjumbe mmoja aliomba dirisha lifungwe, upepo usije ukampeperusha shahidi. Mwenyekiti alimuuliza Leonidasi kama anaitambua sauti.

"Ego, ni data," alijibu Leonidasi kwa Kiha, akavua kofia. "Ndiyo, ni baba. Ni yeye kabisa."

Katibu aliandika hayo. Mwenyekiti akaamua kwamba shahidi anaaminika, lakini maneno yake hayakufuata mpangilio, na baraza haliwezi kumpangia marehemu sentensi. Shamba likabaki kwa anayelilima. Bahasha ikapigwa muhuri, ikapewa namba, ikafungiwa kabatini ofisini kwa baraza. Mashine alipewa Leonidasi, kwa kuwa vyombo vya mzee ni vya mtoto wa kiume, naye akabandika sarafu pale pale.

Msimu huu Theodosia analima shamba la kukodi huko Kagerankanda. Njia yake inapita chini ya dirisha la ofisi ile. Kila asubuhi kabati linamwita kwa jina.

"Ego, data," anaitika, anahamisha jembe bega la pili, na kwenda kulima kwa watu.